Askari wa Birongo Katika Mji wa Colombo

Nchi ya Nyaribari haina bahari. Mtu akisimama Birongo na kutazama pande zote nne huona vilima, migomba na moshi wa nyumba za jirani. Na maji makubwa kuliko yote ambayo mtu wa huko aliyajua zamani yalikuwa ni ya ziwa, ikiwa amebahatika kufika Kisumu au Kendu Bay. Kwa hiyo ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba mzee mmoja wa Birongo, aliyekuwa kijana wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliweza kueleza mitaa ya mji wa Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, kwa usahihi kuliko alivyoweza kueleza mitaa ya Nairobi. Nairobi aliipita kwa treni usiku. Colombo aliitembea kwa miguu.

Siku hizi meli za anasa huingia katika bandari ile asubuhi na kuondoka jioni. Abiria hushuka na ramani na kamera, hununua vitu vidogo vidogo vya kuwapelekea watu wa nyumbani, kisha hurudi kula chakula chao cha usiku baharini. Kijana wa Birongo alishuka pale mwezi wa Februari 1944, amevaa kaptura ya kaki na kofia ya kiaskari. Ramani hakuwa nayo. Mfukoni alikuwa na rupia kumi ambazo hazikuwa zake.

Rupia zile zilikuwa za jirani yake. Vijana hao wawili walizaliwa karibu mwaka mmoja, walitahiriwa pamoja, na walilala katika esaiga moja, ile nyumba ya vijana wasioa. Kabla ya kuingia jeshini walikwenda pamoja Kericho kuchuma majani ya chai katika mashamba ya Wazungu, kama walivyofanya vijana wengi wa Kisii, na waliporudi waliandikwa uaskari siku moja, huko Getembe, ndiyo Kisii mjini, katika wilaya iliyoitwa wakati ule South Kavirondo. Baada ya mafunzo wakatenganishwa. Mmoja alifanywa dereva wa lori. Wa pili, ambaye alikuwa na mabega mapana, akatiwa katika kikosi cha mizinga, Rejimenti ya 301 ya East African Artillery. Hawakuonana kwa miezi mingi, hata walipokutana tena Kilindini, kila mmoja akingoja kupakiwa katika meli yake.

Yule wa mizinga alikuwa mtu mwema mwenye udhaifu mmoja tu, nao ni karata. Alijijua hivyo. Basi pale Kilindini alitoa shilingi kumi na tano, akamkabidhi mwenzake, akasema kwamba zisirudi mikononi mwake mpaka siku ya kununua nguo ya mama yake. "Hata nikikuomba kwa machozi, usinipe," alimwambia. Fedha hizo zilipobadilishwa zikawa rupia kumi kamili, maana rupia moja ya Ceylon ilikuwa na thamani ya shilingi moja na nusu.

Kulikuwa na koplo mmoja pale kambini aliyewahi kukaa Ceylon. Brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki ilipelekwa huko mwaka 1942, wakati Wajapani walipotazamiwa kukishambulia kisiwa. Na kweli ndege zao ziliupiga mji wa Colombo tarehe 5 Aprili mwaka huo, siku ya Pasaka. Koplo huyo alipenda sana kusikilizwa, na vijana wale wawili walimsikiliza. Aliwaambia kwamba mtu akishuka Colombo asiulize njia, bali atafute mnara wenye saa, ambao juu yake kuna taa ya kuongozea meli. Mnara huo u katikati ya mji, njia panda, na hakuna awezaye kuukosa. Wakaagana basi: yeyote atakayetangulia kupata ruhusa ya kutembea mjini atakwenda chini ya saa ile, siku yoyote, na kumngojea mwenzake saa sita mchana, wakati mishale yote miwili inapoelekea juu.

Meli tano za askari ziling'oa nanga Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Zililindwa na manowari Hawkins, na baadaye zikaja Paladin na Petard. Dereva alikuwa katika moja ya zile nne za mwisho. Mwenziwe, pamoja na karibu watu elfu wa rejimenti yake, alikuwa katika Khedive Ismail.

Tarehe 12 Februari, siku ya Jumamosi, saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldives, Khedive Ismail ilipigwa kwa topido mbili zilizotoka katika nyambizi ya Kijapani I-27. Ilizama kwa muda wa dakika mbili au tatu. Ni vigumu kwa mtu asiyeona jambo kama hilo kulielewa. Dakika tatu ni muda wa kufunga kamba za viatu vya kiaskari. Katika meli nyingine watu walisikia kishindo, wakakimbilia ukingoni, na waliokuwa nyuma katika kundi hilo hawakukuta kitu cha kuona isipokuwa moshi, mvuke, na vichwa vya watu majini. Amri ya misafara ya vita ilikuwa kwamba meli ya askari isisimame, maana ikisimama nayo itapigwa. Zikatawanyika kwa kasi. Manowari Petard na Paladin zilibaki zikiiwinda nyambizi, na ziliiangamiza siku ile ile, lakini mabomu ya kulipuka chini ya maji yaliyotupwa kuitafuta yalilipuka mahali walipokuwamo watu waliokuwa wakiogelea. Waliokufa kwa jumla ni 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Majina ya askari wa mizinga waliopotea yaliandikwa baadaye katika ukumbusho ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong.

Hesabu hizo zinajulikana leo. Wakati ule dereva hakujua hata moja. Alijua tu kwamba meli imezama, kwamba manowari zimerudi nyuma kuokota watu, na kwamba wakubwa wamewakataza askari kulisema jambo lile kwa mtu yeyote, wala kuliandika katika barua. Meli yake ikafika Colombo. Siku chache baada ya kuteremshwa, kikosi chake kilipewa ruhusa ya kwenda mjini, tangu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Wenzake walifanya makundi ya watu wanne watano, kama ilivyo desturi ya askari mahali pageni. Yeye akaenda peke yake.

Sehemu ya kwanza ya mji, iliyo karibu na gati, huitwa Fort, kwa sababu Wareno walijenga ngome pale katika karne ya 16. Waholanzi waliwanyang'anya mwaka 1656, na Waingereza wakaichukua mwaka 1796. Kuta za ngome zilikwisha kubomolewa zamani, jina likabaki. Dereva alikuta majumba marefu yenye nguzo na baraza, ambapo mtu aweza kutembea mtaa mzima bila kupigwa na jua. Hoteli kubwa iliyoelekea bandari, ambamo maofisa walikuwa wakinywa. Na duka la matofali mekundu, Cargills, kubwa kuliko duka lolote alilopata kuliona. Tramu za umeme zilipita zikigonga kengele. Magari ya ng'ombe yalipita katikati yao, polepole, kana kwamba tramu hazipo. Jambo lililomkera lilikuwa ni rikshoo. Aliona mzee mwembamba, miguu mitupu, akikimbia juu ya lami ya moto huku akimvuta kijana mnene aliyekuwa akisoma gazeti. Watu wa rikshoo walimwita na yeye pia apande, wakimwonyesha vidole vya bei, lakini alikataa. Huko kwao mtu asiyeweza kutembea hubebwa, na anayeweza kutembea hutembea.

Mnara wa saa aliupata bila taabu, katika njia panda ya Queen Street na Chatham Street. Koplo hakusema uongo. Ulijengwa mwaka 1857 kuwa mnara wa saa tu, na miaka kumi baadaye ukawekwa taa ya kuongozea meli; kwa hiyo ulikuwa ukifanya kazi mbili, jambo lisilo la kawaida kwa minara. (Taa hiyo ilizimwa mwaka 1952, kwa sababu majumba ya mji yalikuwa yamekua na kuificha baharini. Saa iko hata leo.) Dereva alifika pale saa tano na nusu. Akasimama upande wenye kivuli.

Yafaa kusema wazi kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa ameona moshi ule kwa macho yake. Lakini alikuwa pia amesikia kwamba watu wameokotwa, na hakuna aliyemwambia ni akina nani. Mtu wa mabega mapana, aliyekulia vilimani, asiyejua kuogelea: hilo alilifikiri. Lakini watu wengi wa meli ile hawakujua kuogelea, na wengine kati yao waliokolewa kwa kushika ubao. Aidha ahadi ilikuwa ahadi. Kama mwenziwe angekuja, na asimkute mtu chini ya saa, hilo lingekuwa jambo baya.

Mishale ikaungana juu, ikaachana. Watu wakapita: makarani wenye miavuli, Wasinhala wenye nywele ndefu zilizofungwa nyuma, wachukuzi wa Kitamil wenye vilemba, mabaharia wa kila taifa. Wengine walimtazama, maana Mwafrika alikuwa bado kitu cha kutazamwa katika mji ule, ingawa askari wa Afrika Mashariki walikuwa maelfu katika kisiwa. Alingoja mpaka saa saba na robo. Kisha akaenda katika ofisi moja ya jeshi aliyoiona imeandikwa mlangoni, akauliza kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kidogo, kama kuna orodha ya watu waliofika kutoka melini. Karani akamwuliza: meli gani? Dereva akakumbuka amri. Akanyamaza. Karani akasema hakuna orodha yoyote, akarudia kazi yake.

Kutoka Fort alielekea mashariki, akifuata watu wengi walikokwenda, akaingia Pettah, mtaa wa soko, ambao Wasinhala huuita kwa jina lenye maana ya nje ya ngome. Na pale pale mlangoni pa Pettah aliona kitu kilichomfanya asimame: mnara mwingine wenye saa.

Huo ulijengwa mwaka 1923 na jamaa ya Khan, Waparsi wa mji ule, na kila mtu wa Colombo ajua kuupambanua na ule wa kwanza. Mtu wa Birongo hakujua. Moyo wake ulidunda. Itakuwaje kama mwenziwe alishuka mahali pengine, akauliza mnara wa saa, akaelekezwa huu? Itakuwaje kama amesimama hapa tangu asubuhi, akimlaani dereva kwa kuchelewa? Akavuka barabara akikimbia, akauzunguka mnara mara mbili. Kulikuwa na ombaomba mmoja, mbuzi wawili, na mwanamke mwuza matunda aliyeketi nyuma ya kikapu.

Mwanamke yule ndiye aliyemrudisha duniani, kama inavyosemwa. Alidhani anataka kununua. Akashika tunda moja akasema, "Pera." Dereva akatazama, lilikuwa pera kweli, lile lile la Kisii. Akashika la pili akasema, "Annasi." Lilikuwa nanasi. Dereva, ambaye kwa siku nyingi alikuwa hasemi na mtu ila kwa haja, akaanza kucheka. Akayataja na yeye, pera, nanasi, na mwanamke akacheka vilevile, akamwita mwenziwe wa duka la jirani aje amsikie mtu mweusi asemaye Kisinhala. Wakamjaribu kwa vitu vingine. Meza ya duka iliitwa mesaya. Kitambaa cha kichwani cha mama yule, alipokigusa akikiuliza, kiliitwa lensuwa. Na dereva alikuwa amesikia Mombasa wanawake wakiita leso.

Sababu yake ni rahisi kwa anayejua historia. Wareno walikaa Colombo kwa muda wa miaka mia moja na zaidi, na kwa sehemu ya miaka hiyo hiyo walikuwa Mombasa, ambako walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Wamekwisha kuondoka pande zote mbili, lakini maneno yao ya matunda, ya samani na ya nguo yamebaki katika vinywa vya watu ambao hawajapata kuonana. Dereva hakuyajua hayo. Yeye alichukua tu kwamba kuna watu ng'ambo ya bahari ambao pera ni pera, na akanunua mawili kwa senti tano. Sarafu ya senti tano ya Ceylon ilikuwa na pembe nne, haina tundu katikati kama senti za kwetu Afrika Mashariki za siku zile. Aliigeuzageuza kabla ya kuitoa. Alikula pera moja chini ya saa ile ya pili. La pili akaliweka mfukoni.

Pettah ni mitaa myembamba iliyogawanyika kwa biashara. Huku ni chuma, huku ni viungo, huku ni karatasi; na katika Sea Street wamo mafundi wa dhahabu na mahekalu ya Wahindu yenye sanamu za rangi nyingi juu ya malango yake. Katika Second Cross Street aliuona msikiti wa Jami Ul-Alfar, uliojengwa mwaka 1908 na 1909, wenye matofali mekundu na meupe yaliyopangwa kwa mistari, hata minara yake, kiasi kwamba mtu akiutazama sana macho humpiga kiwi. Mlangoni Mwislamu mmoja mzee alimwamkia kwa salamu za dini yake. Dereva hakuwa Mwislamu, lakini Mombasa alikuwa amejifunza namna ya kuitikia, akaitikia, na mzee akamkaribisha kivulini akampa maji.

Jambo jingine lilimtisha. Aliona mtu akitema damu njiani, kisha mwingine, kisha wa tatu, na ardhi yote imejaa madoa mekundu. Akafikiri ni ugonjwa. Baadaye ndipo alipoona majani na popoo na chokaa vikikunjwa na kutafunwa, akakumbuka tambuu za wazee wa pwani. Aliona pia wali ukiandaliwa juu ya jani la mgomba badala ya sahani, akala pale kwa senti chache, kwa mkono, akiwa ametulia kabisa. Mtu wa Kisii hawezi kuwa mgeni mbele ya jani la mgomba.

Maduka ya nguo yalikuwa katika Main Street, mlango kwa mlango, na wenye maduka walizikunjua nguo zao hadi barazani. Humo ndimo rupia zile kumi zilipoanza kumwasha mfukoni. Nguo zilikuwa nzuri. Moja hasa, ya buluu iliyoiva yenye ukingo wa manjano, upana wa kumtosha mwanamke mrefu, na mama wa mwenziwe alikuwa mwanamke mrefu. Mwenye duka alitaka rupia kumi na mbili. Dereva akasema nane. Wakashukiana, wakapandiana, mwenye duka akaapa, dereva akaondoka, akaitwa, na mwisho bei ikasimama rupia tisa na nusu. Mwenye duka akaanza kuikunja.

Ndipo dereva alipotambua alichokuwa akifanya. Fedha ile ilitolewa ili mwenyewe anunue, siku yake, kwa jicho lake. Kama angenunua yeye leo, ingekuwa ni kusema kwamba mwenyewe hatanunua tena. Kwa upande mwingine, huenda asipite tena katika duka lile. Jeshi halimwulizi mtu anataka kupita wapi. Na mama alikuwa amekaa Birongo akiingoja nguo hiyo bila kujua kwamba aingoja. Alisimama pale kwa muda mrefu hata mwenye duka akadhani anataka kupunguziwa zaidi, akasema tisa. Dereva akatikisa kichwa, akaomba radhi kwa Kiswahili, akatoka. Nyuma yake alisikia maneno ambayo hayakuhitaji kufasiriwa.

Watu wawili wenye akili wanaweza kukosana juu ya jambo hilo mpaka usiku. Wengine watasema alipoteza nafasi kwa kuogopa neno ambalo lilikwisha kuwa kweli. Lakini si haki kumhukumu kwa hesabu ya 1,297, ambayo hakuna aliyempa.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Alirudi mnara wa kwanza, akatazama, akaenda mbele. Alipita kando ya ziwa Beira, katika mtaa uitwao Slave Island, kisiwa cha watumwa. Na ingawa hakuna aliyemweleza maana ya jina lile, wasomaji wangependa kuijua. Wakati wa Waholanzi watumwa walifungiwa pale usiku, wengi wao Waafrika walioletwa kwa meli, na yasemekana mamba waliwekwa majini ili wasitoroke. Waingereza nao, mwanzoni mwa karne ya 19, walikuwa na kikosi cha askari Waafrika katika Ceylon, na wajukuu wa watu hao wako mpaka leo upande wa Puttalam. Kwa hiyo askari wa Afrika Mashariki wa 1944 hawakuwa Waafrika wa kwanza kupelekwa kupigana katika nchi ile kwa ajili ya ugomvi wa wengine.

Mwisho wa matembezi yake ulikuwa Galle Face, uwanja mrefu wa majani kando ya bahari, uliotengenezwa mwaka 1859 kwa amri ya gavana Sir Henry Ward ili watu wa mji wapate kupunga upepo. Watoto walikuwa wakirusha tiara. Jua lilikuwa likishuka upande wa magharibi, yaani upande wa Maldives, na mbali zaidi, upande wa Mombasa. Dereva aliketi ukutani akakumbuka pera lililokuwa mfukoni. Limekwisha pondeka. Akalila hivyo hivyo, akaondoka, maana saa kumi na mbili ilikuwa karibu na sajini wake hakuwa mtu wa mchezo.

Yaliyofuata katika vita hayana haja ya maneno mengi hapa. Dereva alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoingia Burma katikati ya mwaka 1944, ikateremka bonde la Kabaw katika mvua na matope yaliyomeza malori mazima, na mwezi wa Desemba ikavuka mto Chindwin huko Kalewa juu ya daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154. Aliendesha lori juu ya daraja hilo akiwa na rupia kumi zimefungwa katika kitambaa cha mpira, zisipate maji. Colombo hakupita tena kwa miguu.

Alifika Birongo mwaka 1946. Karatasi ya serikali ilikwisha kumfikia mama wa mwenziwe zamani, kwa mkono wa mtu wa chifu, ikisema kwamba mwanawe amepotea baharini. Mama huyo hakukubaliana na neno kupotea. Kwa Abagusii mtu huzikwa nyumbani kwake, na kitu kilichopotea hutafutwa. Dereva alikwenda kwake siku ya pili, kabla hajamaliza kusalimu ukoo wake, akamwamkia, "Baba". Neno ambalo kwa Kigusii huitwa mama, na ambalo liliwachekesha sana Waswahili wa jeshini. Akaweka rupia kumi mbele yake akamweleza zimetoka wapi.

Mama hakuzigusa. Aliuliza kwanza kama maji yale yalikuwa baridi. Dereva akasema hapana, bahari ya huko ni ya vuguvugu kama maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Akauliza kama ilichukua muda. Akajibiwa kwamba haikuchukua muda. Kisha akauliza juu ya mji. Huo mji mliokuwa mkienda, mwanangu, ulikuwa namna gani? Naye akamweleza tangu gatini: duka jekundu, mzee wa rikshoo, saa mbili, mwanamke wa pera, msikiti wa mistari, madoa ya tambuu. Mama alimkatiza mara nyingi. Alitaka kujua ni njia ipi mtu angeshika kama ametoka melini kwa mara ya kwanza, na kama mwanamke wa matunda alikuwa mtu mzima au kijana. Alipofika katika Main Street, dereva alitaka kuruka habari ya nguo, lakini alikuwa amekwisha kuitaja fedha, na haikuwezekana.

"Uliiona nguo?" mama aliuliza.

"Niliiona, Baba."

"Ya rangi gani?"

Akamwambia. Mama akafikiri kidogo, akasema kwamba mtoto wake hangechagua buluu. Angechagua nyekundu, maana hakuwa na akili katika mambo ya nguo, na kwamba buluu ni bora. Kisha akachukua zile rupia, akazihesabu, akampa dereva moja kwa ajili ya taabu yake. Dereva akakataa. Mama akamwambia asimfundishe adabu nyumbani kwake, basi akapokea.

Rupia tisa zilipelekwa Kisumu na mpwa wake mama, zikabadilishwa na Mhindi mmoja mwenye duka kwa shilingi kumi na mbili, ingawa haki yake ilikuwa kumi na tatu na nusu. Nguo ilinunuliwa Getembe mwezi uliofuata. Buluu yenye ukingo wa manjano haikupatikana; mama akanunua buluu tupu.